Etymonline kwenye neno "bereave": ni bure na ina kasi, ila isome kwa uangalifu

Etymonline ni kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno ya Kiingereza, iliyojengwa na Mmarekani Douglas Harper. Haidai ada wala usajili, matangazo utayavumilia. Ukitaka kuipima, ipe neno la msiba: bereave, lile la "bereaved family" katika matangazo ya vifo, yaani wafiwa.

Kidahizo, yaani neno pamoja na maelezo yake kwenye kamusi, ni kifupi lakini kimeshiba. Kinaanzia Kiingereza cha Kale, bereafian: kupora, kunyang'anya kwa nguvu. Ndugu zake wametajwa papo hapo, mmojawapo berauben la Kijerumani, ambalo hadi leo ni kupora tu, halina matanga ndani yake. Mfiwa wa Kiingereza, kumbe, ni mtu aliyeporwa. Kuanzia katikati ya karne ya 17 neno likaegemea zaidi visivyoshikika: uhai, matumaini, wapendwa.

Utamu uko kwenye viungo. Bofya rob, kisha robe. Wizi na joho, ukoo mmoja! Robe la Kifaransa cha Kale lilihusu nyara, na inadhaniwa ni kwa sababu mavazi mazuri ya adui yalikuwa sehemu ya nyara hizo. Kamusi ya kawaida ya mezani haikufikishi huko.

Wengi hukwama kwenye tarehe. "Mid-17c." ni miaka ya 1650 hivi, si 1750. Halafu kuna kinyota: umbo lenye * mbele halijaonekana katika andiko lolote, wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha. Usilinukuu kama ushahidi.

Tofauti ya bereaved na bereft, maumbo mawili ya bereave, imepitiwa juu juu mno, na mtafsiri ndipo anapoumia. Bereaved ni aliyefiwa. Bereft mara nyingi ni aliyepungukiwa na kitu, na hufuatwa na of: bereft of hope. Tangazo likiandika "the bereft family", msomaji anabaki akijiuliza wamepungukiwa na nini.

Kasoro kubwa ni kwamba haikupangii nukuu zenye miaka, ukaona neno likibadilika sentensi kwa sentensi. Kazi hiyo ni ya Oxford English Dictionary, na ile ya mtandaoni inalipiwa. Kabla hujatoa pesa, ulizia maktaba ya chuo kikuu kama wanalo toleo la pili la 1989, juzuu 20. Bereave utaikuta mwanzoni kabisa, kwenye B.