Mchawi asiye na senti: uzoefu wangu na GemStone IV

Usiku wa tatu mchawi wangu wa mchezoni alifilisika. Alikuwa na fimbo, joho, kidonda mguuni na sarafu zisizofika bei ya jani la dawa. Mimi mwenyewe nilikuwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, saa kumi alfajiri, nimekalia gunia la dagaa nikisubiri mzigo kutoka visiwani, simu ina chaji asilimia 30.

GemStone IV ni mchezo wa maandishi matupu, wa kampuni ya Simutronics ya Marekani. Hakuna picha hata moja. Unaandika unachotaka kufanya, nao unakujibu kwa maneno: umeingia chumba gani, nani amesimama hapo, nini kinakung'ata. Ukoo wake unaanzia 1988, na toleo hili la nne ni la 2003. Kilichonivuta kwanza ni bando. Maandishi hayali MB, na kwa karani wa mwaloni anayelipwa kwa siku, hiyo si sifa ndogo.

Niliteua uchawi kwa sababu wachawi wanarusha umeme. Nyumbani neno hilo lilinigharimu. Mama alinisikia nikimwambia mdogo wangu, "Mchawi wangu amepanda daraja," akaacha kuchambua mchele. Huku Usukumani neno hilo si la kutania. Ikabidi nimwoneshe simu, "Mama, ni mchezo tu, tazama." Akatazama mistari ya Kiingereza, akasema basi mwite jina lingine. Tangu siku hiyo, mbele ya mama, yule ni mzee wa mazingaombwe.

Sasa hela. Pesa ya mchezo ni sarafu za fedha, kwa hiyo kule fedha ni fedha kwelikweli. Mdogo wangu aliuliza kama inatoka kwa M-Pesa. Haitoki. Anayetafuta kipato cha kulipia kodi ya chumba asipoteze usiku wake hapa.

Kosa langu la siku za mwanzo lilikuwa kuwinda panya wakubwa kwenye mashimo chini ya mji wa Wehnimer's Landing, nikidhani kila kinachokufa kinaacha pesa. Panya hana mfuko! Nilikuwa naua, naacha mzoga, napita, mana (nguvu ya kurushia uchawi) inaisha, narudi mjini mikono mitupu. Mpaka alfajiri hiyo nilipomtazama mama mmoja pale mwaloni akipasua sangara na kulitoa bondo, ule mfuko wa hewa tumboni mwa samaki, taratibu, kama anayemtoa mtoto usingizini. Kila mtu pale anajua bondo ndilo lenye pesa. Nikaandika amri ya kuchuna. Ngozi ikatoka vipande, haifai, lakini nikajua njia iko wapi.

Nikanunua kisu, na kila nilipopanda daraja nikatia mafunzo kidogo kwenye ujuzi wa kuishi porini na wa huduma ya kwanza, maana uzuri wa ngozi unategemea hivyo viwili. Wachezaji wakongwe watakwambia mchawi asipoteze mafunzo huko, aweke yote kwenye uchawi. Wao wana akiba benki. Mimi sikuwa nayo, na mnunuzi wa ngozi alinilipa mapema kuliko ule uchawi wao.

Kobold, vijizimwi vidogo vya mchezoni, wana afadhali. Wanabeba sarafu, vito, mara nyingine sanduku lililofungwa. Na hapa kwenye sanduku ndipo nilipokufa.

Mchawi ana uchawi wa kufungua kufuli, namba 407. Nilipoupata nilijiona fundi. Kwa nini nimlipe mtu? Nikaurusha, kufuli ikaachia, nikainua kifuniko. Mtego nilikuwa sijautazama kabisa. Nikasoma kwa maandishi matulivu kabisa jinsi nilivyolipuka. Uchawi wa kugundua ni 405 na wa kutegua mitego ni 408, na mimi nilikuwa nimeruka mmoja na sijafikia mwingine. Kasisi mmoja, mchezaji halisi aliyekuwa anapita, akanifufua, mwingine akachukua majeraha yangu mwilini mwake. Niliwapa kila kitu nilichokuwa nacho, kwa aibu.

Baada ya hapo masanduku nayapeleka kwa wanaojua kufungua, naweka bakshishi, nachukua changu. Inauma, lakini ndivyo tunavyomlipa dalali na bado tunarudi na faida. Ila usijaribu kupunguza bakshishi kwa maneno ya mwaloni. Nilijaribu mara moja, chumba kizima kikanyamaza.

Mshiko wa uhakika nimeupata kwenye chama cha wasafiri, kinachogawa kazi. Sonara anataka vito vya aina fulani, mnunuzi anataka ngozi za kiwango fulani, mganga wa majani anataka mmea fulani wa porini. Ukimaliza unalipwa. Kwa hiyo vito siuzi ovyo siku nilipovipata, naviweka mpaka aina yake iulizwe. Kutafuta majani nako hakuli mana, unafanya huku mana ikirudi. Sarafu zenyewe peleka benki mapema, maana zina uzito, na mchawi ana mgongo mwembamba.

Yasiyonifaa: Kiingereza chake ni kizito, na ukisoma polepole unapigwa. Kila ukirusha uchawi unasubiri sekunde tatu, mtandao ukiyumba hapo umeliwa. Akaunti ya bure ina mipaka yake, soma kabla hujaanza. Na zima kile kitu cha simu kinachosahihisha maneno, kimenipeleka kaskazini nikiwa nataka kupiga.

Saa zake lakini zimenikaa. Alfajiri yetu ni jioni ya Marekani, watu wanakuwa wengi, mafundi wa kufuli wapo. Naning'inia pale hadi mitumbwi ifike. Sasa nipo daraja la tisa. Nalisubiri la 25, ambapo mchawi anapata 925, uchawi wa kuimarisha silaha, na watu wanakuja wenyewe na panga zao na pesa mkononi. Juzi nilihesabu akiba, nikanunua joho jipya. Mama akauliza mzee wa mazingaombwe anaendeleaje, nikamwambia amevaa.