Tathmini: nguzo za umeme za zege kwa ukanda wa pwani na mabonde ya mafuriko

Nguzo ninayoitathmini ni ile ya zege ya mviringo, yenye uwazi ndani, yenye urefu wa mita 9 kwa njia za msongo mdogo na mita 11 au 12 kwa njia za kilovolti 33. Nimesimamia usimikaji wake katika wilaya za Kibiti na Rufiji, ambako nguzo za mikaratusi, nyingi zikiwa zimetoka Mafinga mkoani Iringa, hushambuliwa na mchwa, moto wa mashamba na maji yanayotuama. Kwa mazingira hayo naipendekeza bila kusita, ilimradi mnunuzi akague zege lenyewe na asidharau shimo.

Ubora wake huanzia kiwandani. Nyaya za chuma hunyooshwa ndani ya kalibu, zege humwagwa, kisha kalibu huzungushwa kwa kasi ili maji ya ziada yakamuliwe na zege lishindiliwe kwenye kuta. Zege likishakomaa, nyaya huachiwa, nazo kwa kutaka kurudi katika urefu wake wa awali hulibana zege kwa nguvu. Kwa sababu hiyo, upepo mkali ukiisukuma nguzo hata ikapinda kidogo, nyufa nyembamba zinazojitokeza hujifunga upepo unapotulia. Nguzo ya mti nayo hupinda vizuri ikiwa mpya, lakini ikishaanza kuoza pale inapoingia ardhini, dhoruba ya kwanza huikata hapo hapo.

Wakati wa kupokea mzigo, naomba mtu asiishie kuhesabu nguzo. Ziko kalibu za vipande viwili, na pale vinapokutana hubaki mstari mrefu kuanzia kitakoni hadi kileleni. Pitisha kidole juu ya mstari huo. Kama maji ya saruji yalivuja wakati wa kuzungusha, utakuta kokoto zimebaki tupu, na katikati yake vijitundu ambavyo ncha ya msumari huzama. Tuliwahi kukataa sehemu ya shehena kutoka kiwanda kimoja kwa kasoro hiyo, tena baada ya dereva kuwa ameshasafiri usiku kucha, na nilisikitika kwa ajili yake, lakini uamuzi ulikuwa sahihi. Karibu na bahari, chumvi hupenya kwenye vijitundu hivyo mpaka kwenye chuma, chuma hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutokea ndani. Nguzo inayotarajiwa kudumu miaka 50 au zaidi haitafika huko kama tabaka linalofunika chuma ni jembamba au lina matundu.

Shimo ndilo jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa zaidi. Kanuni ya kawaida ni kuchimba sehemu moja ya kumi ya urefu wa nguzo na kuongeza sentimita 60: yaani mita 1.5 kwa nguzo ya mita 9, na mita 1.7 kwa ile ya mita 11. Katika udongo mfinyanzi wa bonde la Rufiji kina hicho peke yake hakitoshi, kwa kuwa udongo ukilowa hulainika na uzito wa nguzo yenyewe huanza kuivuta upande. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 na kimbunga Hidaya kilichofuata mwanzoni mwa Mei, nguzo za zege nilizozikuta zimeinama zilikuwa nzima kabisa. Zilikuwa zimefukiwa kwa udongo ule ule uliochimbwa, bila mawe, bila zege la msingi na bila kushindiliwa.

Ni lazima pia kusema wazi kwamba nguzo hii haiondoi haja ya kufyeka njia. Japani hutumia nguzo za zege kwa wingi, na bado kimbunga cha Septemba 2019 kiliangusha au kuvunja takriban nguzo 2,000 katika mkoa wa Chiba na maeneo jirani, nyingi zikiwa zimeangukiwa na miti au kupigwa na vitu vilivyopeperushwa. Mwembe mkubwa ukilalia waya, hauchagui nguzo.

Kwa mafundi, kazi hubadilika sana. Nguzo ya mti hubebwa mabegani na kundi la vijana hadi ndani ya shamba. Hii huhitaji kreni, na kreni huhitaji barabara, jambo ambalo wakati wa masika huweza kusimamisha kazi. Kuiburuta ni kuipasua. Vyuma vya kupandia nguzo za miti havishiki kwenye zege, hivyo ngazi au gari la kunyanyulia huwa la lazima. Isitoshe, chuma kilichomo ndani hupitisha umeme, kwa hiyo nguzo isiyofungwa waya wa kuingia ardhini ni hatari kwa mpita njia endapo kikombe, yaani kihami kinachotenga waya wa umeme na nguzo, kitapasuka.

Bei yake ya kununulia na kusafirisha ni kubwa kuliko ya mti. Kwa vijiji vya nyanda za juu vilivyo karibu na viwanda vya nguzo za miti, nisingeibadilisha njia nzima. Ningeanza na njia kuu za kilovolti 33 zinazokatiza mabonde, na zile zinazolisha hospitali na pampu za maji. Katika hati ya kuagiza, andika mahali pa kila tundu la boliti, kwa sababu kutoboa baadaye hukata nyaya, na udai nguzo moja ya kila kundi ivutwe kileleni mbele ya mhandisi wako mpaka ufa wa kwanza uonekane, kabla shehena haijapakiwa.