Fundi wa makaburi, Tukuyu: nyota nne kati ya tano

Nimemjengeshea mama kaburi kwa fundi mmoja anayefanyia kazi chini ya mabati, njia ya kushukia stendi. Jina lake silitaji kwa kuwa nina neno la kumlaumu.

Niliagiza kaburi la terazo, msalaba wa zege na kibao cha marumaru chenye maandishi ya kuchongwa. Tulipatana shilingi 650,000, nusu nikatanguliza. Maandishi ya rangi ni nafuu, ila mvua ya wilaya yetu ya Rungwe tunaijua wenyewe: masika mawili tu, jina limekwenda na maji.

Kabla hata ya kutaja bei aliniuliza, "Dada, kichwa kiko upande gani?" Nikamweleza kwamba sisi Wamoravian tumemlaza miguu mashariki, ili siku ya ufufuo akiinuka akutane na jua linalochomoza. Fundi ni Mwislamu, kwao wanaelekeza Kibla. Akafikiri kidogo. "Basi msalaba tuusimamishe kichwani. Miguuni tutamzibia." Nikacheka, halafu machozi yakanitoka palepale kwenye kokoto zake.

Maneno niliyochagua ni ya 1 Wakorintho 15:43, "hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu." Mama alikuwa mkulima wa viazi, habari za kupanda alizielewa kuliko mhubiri. Alipopooza upande mmoja nilimuuguza miaka miwili: kumwogesha, kumgeuza asipate vidonda, kumkata kucha za ule mkono usiocheza. Jirani alishaniambia najichosha bure na mwili unaokwenda udongoni. Lakini kila Jumapili tunakiri ufufuo wa mwili, hatukiri roho kuponyoka na kuuacha mwili kama gunia tupu. Mkono ule utaitwa, nami nitauona ukinyooka. Basi nikawa nauhudumia kama wa bibi harusi. Nisiwadanganye, zipo siku niliukata kucha kwa hasira, nimekesha, nimechoka, sina hata wimbo.

Sasa lawama. Aliahidi wiki mbili, zikawa tano, na simu ilikuwa ikiita tu. Nilipomfuata Ijumaa Kuu, kibao kilikuwa tayari na kimeandikwa "Wakolintho". Marumaru imechongwa, hakuna kufuta! Sikupiga kelele, nilikaa tu kwenye ndoo yake ya saruji. Mkienda kwake, mpelekeeni maandishi kwenye karatasi, herufi kubwa, na abaki nayo. Mimi nilimtajia kwa mdomo, na sisi huku R na L tunazichanganya, kwa hiyo sehemu ya kosa naichukua.

Akachonga kingine bila kunidai hata shilingi. Jumamosi jioni, tukiwa tunapalilia na kupaka chokaa kaburi la babu, alifika kwa bodaboda, kibao kimefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Alikibandika kwenye kaburi la mama kwa mwanga wa simu. Terazo yenyewe haina ufa, pembe zimekaa sawa, na kokoto zilizobaki alizizoa.

Asiyejua haraka yangu ilikuwa ya nini: Pasaka alfajiri sisi huwa makaburini, desturi ya Wamoravian tangu 1732 kule Herrnhut, Ujerumani. Tulifika giza bado, umande umelowesha kila kitu. Mchungaji akaita, "Bwana amefufuka!" Tukaitika, tarumbeta zikalia. Nikakipapasa kibao kwa kidole, herufi moja moja. R ipo.