Kupanga nyumba ya vyumba viwili karibu na chuo Malindi: anza na maji

Wanafunzi wanne wanaochangia nyumba Malindi wasianze na kodi. Waanze na maji. Ya mfereji hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na pampu za huko zikisimama, mifereji ya mji hukauka. Kila mtu akitumia lita 50 kwa siku, tangi la lita 1,000 limekwisha siku ya tano. Kwa hivyo usiulize ukubwa wa tangi tu, uliza linahudumia nyumba ngapi.

Chaguo la kwanza ni ghorofa ya kati, kwenye jengo lenye tangi la chini, pampu na tangi la juu. Upepo unaingia, maji yanashuka kwa nguvu, na joto la paa halikufikii.

La pili, nyumba ya chini yenye ua. Ni nzuri kwa kupika na kuanika nguo, ila masika, Aprili na Mei, shimo la choo likijaa, uchafu hurudi bafuni. Uliza lilinyonywa lini, na gari la kunyonya hulipwa na nani.

La tatu, ghorofa ya juu kabisa. Slabu, yaani paa la zege, hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, wakati unataka kulala. Tangi nalo likikaa mita moja tu juu ya shawa, maji hudondoka. Usiikubali ila kwa punguzo.

La mwisho ni nyumba ya karibu na bahari inayotegemea kisima. Fungua bomba la jikoni, uonje. Ulimi ukisikia chumvi, sabuni ikikataa povu na mdomo wa bomba ukiwa na ukoko mweupe, hayo ni ya chumvi. Shawa ya umeme ya kawaida huharibika upesi kwa maji hayo, na inaweza kukupiga shoti. Kisha inua macho kwenye dari ya roshani: madoa ya kutu na zege linalobanduka ni dalili ya nondo, vyuma vya ndani ya zege, zilizoliwa na chumvi. Rangi mpya haitibu.

Kabla ya kutoa dipoziti, nunua tokeni ya umeme ya shilingi 100 kwa namba ya mita ya nyumba hiyo. Ujumbe ukionyesha pesa zimekatwa kwa deni la zamani, mwenye nyumba alilipe kwanza. Piga picha kila ufa na kila kitasa kibovu, umtumie siku hiyo hiyo. Na mkataba useme wazi: mmoja akihama katikati ya muhula, sehemu yake inalipwa na nani, na kama mnaruhusiwa kuleta mwingine.