Visikizi visivyo na waya: vya kununua Nairobi, kuanzia vya elfu mbili hadi vya elfu thelathini

Ukiulizia visikizi vya Bluetooth pale Luthuli, utawekewa makasha kumi mezani kabla hujamaliza kuuliza, na yote yatakuwa "orijino". Bei zitaanza kwenye mia nane na kupanda hadi pale utakapokunja uso. Kisha muuzaji atakuhakikishia kwamba hizi ndizo zenye besi.

Besi iache kwanza. Kwa mtu anayetoka Rongai au Githurai asubuhi, anafanya kazi mjini na kurudi usiku, kuna maswali matatu yanayoamua kama pesa zimekwenda mahali pazuri. Unayempigia anakusikia ukiwa kando ya barabara? Vinakaa sikioni ukikimbilia gari? Na upande mmoja ukinyamaza baada ya miezi mitatu, unavipeleka wapi? Orodha hii nimeipanga kwa maswali hayo, na ndiyo maana jozi yenye sauti tamu kuliko zote haiko juu. Bei nilizotaja ni za kukadiria. Hupanda na kushuka kulingana na duka na msimu, na Novemba maduka ya mtandaoni huzishusha kidogo.

ANC na ENC si kitu kimoja

Hapa ndipo watu wengi huuziwa kitu wasichokitaka. Kwenye boksi utaona ANC au ENC, na muuzaji atakwambia zote "zinazima kelele". ANC inakufaidi wewe unayesikiliza: maiki za nje hunasa mngurumo, kisha spika hutoa wimbi lililo kinyume chake, na mawili hayo yanauana. ENC inamfaidi uliyempigia. Inachuja kelele kwenye sauti yako inapotoka, lakini wewe uliye ndani ya gari hutasikia tofauti yoyote. Visikizi vingi vya chini ya elfu tatu vina ENC peke yake. Si vibaya, ila usilipe bei ya ANC.

Hata ANC yenyewe ina mipaka. Inaweza sana mngurumo mzito usiobadilika, kama injini ya basi, jenereta ya jirani au feni. Honi, makanga anayegonga bati na mtoto anayelia hupita. Sauti hizo kali huzuiwa na raba inayoziba tundu la sikio, kwa hiyo raba isiyokutosha inaharibu hata ANC ya elfu thelathini. Na ukipanda nganya, yaani matatu iliyojengewa spika za besi chini ya viti, kubali yaishe: besi hiyo hupitia kwenye kiti na mifupa. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2009, lakini nganya ni nganya.

Kuna sababu nyingine ya kuitafuta ANC, nayo ni masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Ukipandisha hadi 90, saa hizo zinabaki 4 tu kwa wiki nzima. Ndani ya gari lenye kelele mkono hupandisha sauti wenyewe bila kukuuliza. Kelele ya injini ikipungua, unasikiliza kwa sauti ya chini na kila neno unalipata. Anayetumia saa mbili au tatu barabarani kila siku ana haki ya kulifikiria hilo kuliko besi.

1. Oraimo FreePods 4: kwa wengi wetu

Takriban shilingi 4,000 hadi 5,000. Ina ANC ya kweli, raba za saizi tofauti, na chaji ambayo kampuni inaihesabu kuwa zaidi ya saa 30 ukijumlisha na kasha, yaani hata stima ikipotea usiku kesho utasikiliza. ANC yake haishindani na ya Sony, lakini mngurumo wa basi inaupunguza vya kutosha.

Nimeiweka ya kwanza kwa sababu ya jibu la swali la tatu. Oraimo ni ya Transsion, kampuni ile ile ya Tecno, Infinix na itel, na vifaa vyake huhudumiwa na Carlcare. Ikiwa una risiti na waranti haijaisha, una mlango wa kubisha hapa hapa mjini. Visikizi vyenye sauti nzuri zaidi kwa bei hii vipo, ila vingi ukivinunua umeagana na aliyekuuzia.

Lawama yangu ni moja: sauti yake ilivyotoka kiwandani imejaa besi hadi waimbaji wanafunikwa. Pakua programu ya Oraimo kwenye simu, shusha besi, na kwaya itarudi.

2. Soundcore P30i: ukimpata muuzaji wa kuaminika

Huwa juu kidogo ya FreePods 4, mara nyingi elfu tano na ushee. Soundcore ni tawi la Anker. P30i ina ANC, inavumilia vumbi na maji kwa kiwango cha IP54, inakaa saa 10 bila kurudishwa kwenye kasha ANC ikiwa imezimwa, na kasha lake hugeuka kuwa kishikio cha kusimamishia simu mezani. Jambo hili la mwisho linaonekana la kitoto hadi siku utakayotazama mpira ukila chamcha.

Kwa sauti ningeiweka ya kwanza. Imeshuka nafasi moja kwa sababu mitaani kuna nyingi zilizoingizwa na mtu binafsi, na "waranti" unayopewa ni namba ya simu ya huyo kijana wa duka. Akihama duka, waranti imehama naye. Nunua kwa muuzaji anayekuandikia risiti yenye jina la duka na muda wa waranti, la sivyo rudi kwa namba moja.

Ndugu yake mdogo, P20i, haina ANC lakini ni imara, inavumilia maji kwa kiwango cha IPX5 na ni rahisi kwa elfu moja au zaidi. Mfanyakazi wa ofisi tulivu hahitaji zaidi ya hiyo.

3. Redmi Buds 6 Play au Oraimo FreePods Lite: una elfu mbili hadi tatu

Hakuna ANC hapa, na hakuna haja ya kulia. Kwa habari za asubuhi, podikasti, mahubiri na simu za hapa na pale, vinatosha. Redmi ni nyepesi na inakaa saa saba hivi kwa chaji moja. FreePods Lite ina chaji inayokaa hadi uisahau chaja ilipo, pamoja na Carlcare ile ile. Ukiniuliza cha kumnunulia mdogo wako anayeingia chuo, ni hii ya pili.

4. Samsung Galaxy Buds FE: kwa mwenye simu ya Samsung

Kati ya elfu nane na kumi. Ilitoka Oktoba 2023 na bado inajitetea vizuri. ANC ni nzuri, na vile vipembe vidogo vya raba vinavyojishika ndani ya sikio huifanya isitikisike hata ukiruka mtaro. Inakaa saa 6 ANC ikiwa imewashwa. Kasoro yake ni maji: IPX2 maana yake ni matone machache tu. Mvua ya Aprili ikikukuta kati ya Archives na steji, vua uweke mfukoni. Ukiwa na simu isiyo ya Samsung unapoteza baadhi ya vitu vyake, na pesa hizo zinafanya kazi zaidi kwenye P30i.

5. AirPods: ukiwa na iPhone, na risiti ya duka rasmi

AirPods 4 ya 2024 ipo ya aina mbili, yenye ANC na isiyo nayo, na zote hazina raba. Kwa barabara zetu huo ni upungufu, kwa sababu sikio linabaki wazi. AirPods Pro ndiyo yenye raba na ANC inayonyamazisha basi karibu kabisa, na bei yake ni ya simu nzima: elfu thelathini na zaidi. Kwa mtu wa Android sioni sababu.

Sababu ya kuiweka chini hivi ni feki. Hakuna kisikizi kinachoigwa Nairobi kama hiki. Muuzaji atafungua kasha karibu na iPhone, picha ya AirPods itachomoza kwenye kioo na kiwango cha chaji, naye atakuangalia kama aliyemaliza kesi. Picha hiyo haithibitishi kitu. Inaletwa na ishara ya Bluetooth ambayo chipu ya bei rahisi inaiiga bila shida. Namba iliyo kwenye kasha nayo hunakiliwa kutoka kwenye jozi halali, kwa hiyo tovuti ya Apple inaweza kuikubali. Kinachosaidia zaidi ni iPhone yenye iOS 16 au mpya zaidi: ukiiunganisha na feki, inaweza kukuonya kwamba haikuweza kuthibitisha kuwa ni AirPods halisi. Mwombe muuzaji aiunganishe kabisa kwenye simu yako. Na kama ni elfu moja na mia tano, hata usimwombe, unajua unachonunua.

Nje ya orodha

Visikizi vya shingoni, vile vyenye ukanda unaounganisha pande mbili, watu wa mjini wanavidharau bure. Kwa anayepoteza vitu, au anayefanya kazi ya mikono siku nzima, ni bora kuliko vyote hapo juu: kikitoka sikioni kinaning'inia, hakiendi chini ya kiti cha matatu. Bei ni kama ya vile vya nafasi ya tatu kwenye orodha, au chini yake. Ila kwa anayeendesha boda au gari, kisikizi chochote ni hatari, na hapo sina pendekezo.

LDAC na aptX (njia za kupitishia sauti kwenye Bluetooth) na ukubwa wa spika kwa milimita viache kwa wapenzi wa mambo hayo. iPhone haitumii LDAC, na ndani ya matatu hakuna sikio litakaloisikia tofauti.

Kabla hujatuma pesa kwenye till

Toka na visikizi nje ya duka, simama penye magari, umpigie mtu unayemfahamu. Usimuulize "unanisikia?" maana atasema ndiyo kwa adabu. Mtajie namba kumi za simu yoyote uliyonayo, azirudie. Akikosea mbili tatu, maiki ni mbovu, na hakuna programu ya kuirekebisha. Rudia ukiwa umevaa cha kulia peke yake, halafu cha kushoto. Vipo vya bei ya chini ambavyo upande mmoja ukiwa peke yake hausikiki kabisa.

Kisha virudishe vyote kwenye kasha, funga, hesabu hadi kumi, fungua. Vyote viwili vinapaswa kujiunganisha na simu bila kuguswa. Upande mmoja ukisuasua hapo dukani, nyumbani utalala kabisa. Angalia taa ya kasha inawaka kila kimoja kinapokaa mahali pake, maana vile vipini vya shaba vya kuchajia ndivyo hufa mapema. Badilisha raba pia. Iliyowekwa kiwandani ni ya kati, na masikio yako si lazima yawe ya kati. Tikisa kichwa kwa nguvu, tafuna, ongea. Watu watakutazama, lakini Luthuli wameona mengi.

Ukiona kibao cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", ujue Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kiweze kufanya kazi kilichonunuliwa kufanya. Kwenda mahakamani kwa ajili ya visikizi vya elfu mbili hakuna atakayekwenda, lakini kumtajia muuzaji sheria hiyo kwa upole, risiti ikiwa mkononi, kumewahi kurudisha pesa za watu. Tazama pia kama boksi lina stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa za kutoka nje.

Muulize mwisho kabisa kama wanauza upande mmoja ukipotea. Apple na Samsung wanao utaratibu wa kuuza kimoja kimoja, kwa bei inayouma. Kwa vya elfu mbili, upande mmoja ukiangukia mtaroni Tom Mboya, tumia uliobaki kwa simu hadi mwisho wa mwezi, halafu ununue jozi nyingine.