GIMP 3.0: kutoka Sharon hadi Sharone bila kukesha

Februari mwaka jana nilikesha kwa sababu ya herufi moja. Kijana wa boda hapa Kayole, Nairobi, aliniagiza jina la mpenzi wake, liwe na moyo, kivuli na waridi pembeni, aliweke status saa sita usiku tarehe 14 ikiingia. Nikamtumia saa nne. Akajibu: "Dada, Sharone iko na e mwisho." Nilikuwa na GIMP 2.10, programu ya kompyuta ya kutengeneza na kuhariri picha, na humo ukishatia kivuli kwenye maandishi, yanageuka picha. Huwezi kurudi ndani ukaongeza e bila kupoteza kivuli. Nilianza upya.

Mwaka huu Valentine imeangukia Jumamosi, nami nimetengeneza majina ishirini na sita kwa toleo la 3.0, lile lililotoka Machi 2025. Ni ya bure, haikubandikii nembo kwenye kazi, na ukishaipakua unaendelea hata bando likiisha. Lakini kilichonifanya niandike ni kivuli. Sasa kinaning'inia kwenye leya, yaani tabaka la picha, kama koti kwenye msumari: unakizima, unakisogeza, unakififisha, na maandishi bado ni maandishi. Nafuta Sharon, naandika Sharone, kivuli kinafuata chenyewe. Hata mstari wa kuzungushia herufi umo ndani ya kifaa cha maandishi. Zamani ulilazimika kuchagua umbo la jina, kulinenepesha pikseli kadhaa, kisha kulijaza rangi kwenye leya ya chini.

Kifaa cha kuchora moyo usikitafute. Moyo wangu ni herufi tu: alama ya ♥ imo ndani ya fonti nyingi, naiandika, naipa ukubwa wa pikseli 700, naipaka nyekundu na kuisukuma nyuma ya jina. Jina lenyewe naliandika kwa Great Vibes, fonti ya mwandiko wa mkono kutoka Google Fonts. Fonti hiyo inataka herufi kubwa moja, ya mwanzo. Mama mmoja alishikilia ATIENO iwe kubwa yote, ikatoka kama seng'enge iliyokanyagwa na ng'ombe. Alilipa, akaenda zake akitabasamu. Niliyeumia ni mimi.

Kinachosumbua ni rangi inayofifia kutoka nyekundu hadi waridi. Mimi huiweka kwenye leya yake, nikaikata kwa umbo la jina. Ukibadilisha jina, leya hiyo haina habari, inabaki na umbo la jina la kwanza. Siku za haraka nampa mteja nyekundu tupu, na hakuna aliyelalamika.

Halafu kuna suala la kuhifadhi. Ctrl+S inakupa XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, ambayo ni ya kwako wewe mwenyewe kurekebishia. Ya mteja lazima uitoe kama PNG, na si JPEG, kwa maana JPEG haijui uwazi na jina litakuja na boksi nyuma yake. Nilishamtumia mtu XCF, akaniuliza kama ni virusi.

Kwenye kuchapisha majina juu ya vikombe ndipo nilipotoa jasho. Duka moja karibu na River Road lilinirudishia nyekundu yangu ikiwa damu ya mzee. Skrini huchanganya mwanga, printa huchanganya wino, na GIMP kazi yake huifanya kwa rangi za mwanga. Toleo hili linaweza kukuonyesha wino utakavyotokea, ila uwe na profaili ya printa husika, yaani faili inayoeleza rangi zake. Siku hizi naiomba kabla ya kulipa.

Nyota nne kati ya tano. Kosa la mwisho si la programu. Karatasi ya kuhamishia picha kwenye kikombe huchapishwa jina likiwa limegeuzwa kama kwenye kioo. Mimi nilidhani fundi atageuza, fundi akadhani nimeshageuza. Kikombe kipo hapa mezani, nakiwekea kalamu.