Lincoln Town Car: uzoefu wangu na gari lililolibeba jina la Lincoln kwa miaka 30

Kama uko Marekani au Kanada na unatafuta gari kubwa la kifahari lililotumika, liwe la kubebea abiria wa kulipa au la familia, ushauri wangu ni huu: tafuta Lincoln Town Car ya 2003 hadi 2011 yenye fremu isiyoliwa na kutu. Nimeyaendesha magari haya kwa kazi ya abiria na nimeyafungua mwenyewe, ya zamani na ya mwisho mwisho, yote yenye injini ya V8 ya lita 4.6. Sijakutana na gari lingine la kifahari ambalo fundi wa kawaida mwenye boksi moja la spana analimudu kiasi hiki. Heshima yake naiona hapo, kuliko kwenye ngozi ya siti au nikeli ya grili.

Historia yake inaeleza mengi. Lincoln ilianzishwa Detroit mwaka 1917 na Henry Leland, mzee yule yule aliyekwisha kuijenga Cadillac. Alianza kwa kutengeneza injini za ndege aina ya Liberty wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaipa kampuni jina la Abraham Lincoln, rais aliyempigia kura yake ya kwanza mwaka 1864. Magari yalianza kutoka 1920. Leland alikuwa mtu wa vipimo, hakuvumilia kipande kilichopishana na kingine hata kidogo, na magari yake yalikuwa imara kweli. Fedha ndizo zilizomshinda. Mwaka 1922 Henry Ford aliinunua kampuni kwa dola milioni 8, akamkabidhi mwanawe Edsel. Edsel ndiye aliyeipa Lincoln sura: Zephyr ya 1936, kisha Continental ya 1939. Baadaye ikaja Continental ya 1961, yenye ubavu ulionyooka na milango ya nyuma inayofunguka kinyume. Kwa macho yangu hilo ndilo gari zuri kuliko yote yaliyotoka Marekani miaka ile. Ford ililiuza kwa dhamana ya miezi 24 au maili 24,000, wakati wenzao walikuwa bado wanatoa muda mfupi zaidi.

Town Car lilianza kama daraja la juu la Continental, likawa modeli inayojitegemea mwaka 1981. Lilijengwa juu ya chasisi iliyoitwa Panther, ile ile ya Ford Crown Victoria, gari la polisi na teksi, na Mercury Grand Marquis: fremu kamili ya chuma, bodi imekaa juu yake, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mwaka 1985 General Motors iliifupisha Cadillac DeVille na kuhamishia nguvu magurudumu ya mbele. Lincoln ikabaki na gari refu. Wenye kampuni za limuzini na magari ya viwanja vya ndege wakahamia kwake, kwa sababu fremu ya namna hiyo unaweza kuikata na kuirefusha, na injini ya gari la polisi na la teksi haikosi spea hata siku moja. Kufikia 1998 Lincoln iliishinda Cadillac kwa mauzo nchini Marekani. General Motors ilikuwa imetangaza kwamba Cadillac ndiyo iliyoshinda, ikabidi mwaka uliofuata ikiri kuwa hesabu zake zilizidishwa.

Sasa gari lenyewe. Toleo la 2003 kuendelea lina nguvu farasi 239, urefu wa karibu mita 5.47 na uzito unaokaribia tani 2. Buti linabeba masanduku manne makubwa bila kulazimisha. Kwa mafuta, tegemea lita 15 hivi kwa kilomita 100 za mjini na lita 10 kwenye barabara kuu. Tangi ni la lita 72. Kiti cha nyuma ndicho sababu ya gari kuwepo. Toleo la L lina nafasi ya ziada ya sentimita 15 kwa miguu ya abiria. Anayependa kona kali atafute gari lingine. Lakini stelingi ya 2003 kuendelea imebadilishwa kuwa ya raki, na tofauti yake na zile za mwanzo unaisikia kabla hujamaliza mtaa wa kwanza: usukani hauna tena ule uvivu wa katikati.

Tatizo kubwa kuliko yote, na linalowaponza wanunuzi wengi, ni manifoldi ya hewa ya plastiki, yaani bomba linalogawia silinda hewa, kwenye magari ya 1996 hadi 2001. Maji ya kupoza injini hupita ndani ya plastiki hiyo, mbele kabisa, karibu na altaneta na themostati. Plastiki inapashwa moto na kupoa kila siku kwa miaka, mwisho inapasuka. Dalili ya kwanza ni harufu tamu ya kulanti, yaani maji hayo ya kupoza, baada ya kuzima gari. Ya pili ni maji kujaa kwenye shimo la plagi lililo jirani, koili inayoipa plagi umeme inalowa, injini inaanza kukosa mchomo mmoja. Ukiendelea kuendesha, maji yanaisha, na vichwa vya alumini havisamehe joto. Ford ililetewa kesi ya pamoja kuhusu jambo hili na ikaongeza muda wa dhamana, ambao sasa umekwisha zamani. Spea iliyorekebishwa ina kipande cha alumini mbele mahali pa ile njia ya plastiki. Kwa hiyo fungua boneti uangalie chini ya themostati: ukiona chuma cha fedha, kazi ilishafanyika, ukiona plastiki nyeusi mpaka mwisho, toa kwenye bei ya gari gharama ya manifoldi mpya na siku ya fundi.

Kuibadilisha si kazi ngumu, inataka utulivu tu. Toa waya wa betri, punguza shinikizo la petroli, mwaga maji ya rejeta. Ondoa altaneta pamoja na kibanio chake cha juu, kwa sababu kimefungwa kwenye manifoldi yenyewe. Toa koili, toa reli ya injekta, kisha inua. Uso wa kichwa usafishe kwa kikwaruzo cha plastiki. Cha chuma kinachimba alumini na gasketi mpya itavuja. Bolti zifunge kuanzia katikati kwenda pembeni, mzunguko wa kwanza kwa mkono mwepesi, wa pili kwa 25 Nm kwa spana ya kipimo. Wakati wa kujaza maji, weka hita kwenye joto la mwisho na uache injini iungurume mpaka themostati ifunguke, kisha ongeza. Hewa ikibaki ndani, mshale wa joto utapanda na kushuka hovyo na utadhani gasketi ya kichwa imeungua. Usichanganye kulanti ya njano na ya kijani. Fuata rangi inayotajwa na mwongozo wa mwaka wa gari lako.

Ukiwa umeshafika hapo, badilisha plagi. Nafasi ya cheche ni milimita 1.3 hadi 1.4. Vichwa vya injini hizi vina nyuzi chache za kushikia plagi, na plagi iliyolegea huweza kung'oka pamoja na nyuzi zake na kupiga koili juu. Fungua na ufunge injini ikiwa baridi, tena kwa spana ya kipimo, si kwa kukisia. Zilizong'oka hutengenezwa kwa kuingiza nyuzi za chuma. Fundi anayejua kazi hafungui kichwa kwa ajili hiyo. Kwa injini yenye koili nane, 1998 kuendelea, ukipata kwenye kompyuta ya kupimia gari msimbo wa kukosa mchomo, kati ya P0301 (silinda 1) na P0308 (silinda 8), hamishia koili ya silinda hiyo kwenye silinda nyingine. Msimbo ukihama nayo, koili imekufa; ukibaki palepale, angalia plagi na injekta. Silinda 1 hadi 4 ziko upande wa abiria, 5 hadi 8 upande wa dereva, zote zikihesabiwa kutoka mbele.

Kitu kinachofuata kwa kusumbua ni springi za hewa za nyuma. Ziko mbili, moja kila upande, zinalishwa na kompresa iliyo chini ya boneti, na kuna kihisi kinachopima kimo cha gari. Mpira ukizeeka unapasuka kwenye mkunjo. Gari linalala chini nyuma usiku, asubuhi linainuka polepole. Watu hulivumilia kwa sababu linainuka, na hapo ndipo wanapopata hasara: kompresa iliyotengenezwa kufanya kazi dakika chache inazunguka siku nzima mpaka inaungua. Springi mbili zinazovuja ukiziacha, utanunua springi mbili na kompresa. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mkunjo wa mpira na kwenye vali, povu litakuonyesha.

Hapa pana jambo la usalama lisilotaka mzaha. Ndani ya buti kuna swichi ya mfumo wa hewa. Izime kabla ya kuweka jeki, kila mara, hata kama unabadilisha tairi tu. Gari lililoinuliwa huku mfumo umewashwa linaweza kutoa au kuingiza hewa lenyewe na kuhama juu ya jeki. Ukibadilisha springi, inua gari kwa fremu ili ekseli ining'inie, zungusha vali hadi kituo cha kwanza na uache hewa yote itoke, ndipo uizungushe hadi kituo cha pili na kuichomoa. Springi mpya zikishakaa, washa mfumo na uzijaze hewa kabla uzito wote wa gari haujashuka juu yake; mpira mtupu ukikandamizwa unajikunja vibaya na kupasuka ungali mpya. Wengi hubadilisha na kuweka springi za chuma za Crown Victoria au Grand Marquis. Zinafaa, hazivuji, na kwa gari la kazi silaumu. Lakini ukibeba masanduku mazito, nyuma itashuka na taa zitamulika juu, na ule ulaini uliokufanya ununue Lincoln utapungua.

Giaboksi ni nzuri ikitunzwa. Ukisikia mtetemo kama wa kupita juu ya matuta madogo ukiwa kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa huku umekanyaga kidogo, mara nyingi ni oili iliyochoka ndani ya toki konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Mfumo mzima unachukua takriban lita 13 za Mercon V, oili ya giaboksi ya Ford; kumwaga sampu peke yake hutoa chini ya nusu, na ndiyo maana wengine hubadilisha oili na mtetemo ukabaki. Badilisha yote pamoja na filta kabla ya kukubali kwamba giaboksi ni mbovu. Oili ya injini kwa toleo la 2003 kuendelea ni 5W-20, lita 5.7. Sauti ya mnyororo unaogonga mbele ya injini kwa sekunde kadhaa gari likiwashwa baridi maana yake ni kwamba miongozo ya plastiki ya taimingi cheni imeliwa.

Hewa ya AC ikitoka kwenye kioo cha mbele tu, hasa ukikanyaga mafuta, usikimbilie kujaza gesi. Milango ya hewa huendeshwa kwa mvuto wa hewa wa injini (vakyumu), na ikikosa mvuto hurudi kwenye kioo. Kwenye magari mengi ya kuelekea 2000 ubovu uko nyuma ya paneli ya vidhibiti: vipete vidogo vya mpira vimebapa. Vinauzwa kwa bei ya soda. Taa kubwa zikizimika zenyewe, shuku moduli ya taa, ambayo lehemu zake hupasuka. Nyingi hutengenezeka kwa kulehemu upya.

Kutu ndiyo pekee inayonifanya niondoke bila kujadili bei. Kwenye majimbo yanayomwaga chumvi barabarani majira ya baridi, fremu huoza sehemu ya nyuma pale mikono ya ekseli inaposhikwa, na mabomba ya breki nayo huoza. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize. Pia tumia namba ya chasisi kuangalia kama gari la miaka ya 1990 lilirudishwa kurekebishwa swichi ya breki inayozima kidhibiti mwendo (cruise control). Swichi hiyo ilisababisha moto, hata gari likiwa limezimwa. Tangi la mafuta liko kati ya ekseli na buti, kwa hiyo gari lililowahi kugongwa nyuma kwa nguvu siligusi.

Uzalishaji ulikuwa Wixom, Michigan, mpaka 2007, ukahamia St. Thomas, Ontario, na gari la mwisho lilitoka Agosti 2011. Sikubaliani na uamuzi ule. Ford ililiacha Town Car bila injini mpya wala giaboksi mpya kwa miaka, kisha ikasema limepitwa na wakati. Mahali pake ikawekwa MKT, na majina ya MKS, MKX na MKZ ambayo wateja walishindwa kuyatofautisha. Continental iliyorudishwa 2017 ilikoma 2020, na tangu hapo Lincoln haiuzi saluni Marekani.

Kwa wanaofikiria kulisafirisha: lina usukani wa kushoto. Kenya hairuhusu usukani huo kwa magari ya kawaida, wala gari lililozidi miaka 8, na Tanzania nako tunaendesha kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia, ila spea itabidi uagize. Kwa walio Oman na Ghuba hali ni nyepesi zaidi, kwani Crown Victoria na Grand Marquis ziliuzwa huko kwa wingi na vipande vya injini, giaboksi na miguu ya mbele vinaingiliana. Hakikisha tu kabla ya kulipa kwamba unachonunua ni cha kundi moja na gari lako: kabla ya 2003, au 2003 kuendelea.